UZI: Kuongeza uwezo wa kusoma PDF zenye paswedi kwenye maktaba ya PHP

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mnaotengeneza mifumo ya saccos, vikoba na mikopo midogo mnaijua adha hii. Mteja anapakia taarifa ya benki ya miezi sita ili mfumo usome miamala, mfumo unatema kosa kwamba faili limefungwa. Siku hizi taarifa nyingi za benki na za pesa za simu zinatumwa kwa barua pepe zikiwa na paswedi. Mteja anayo paswedi yake na yuko tayari kuiingiza, ila programu yako haina pa kuipokelea.

Zana tulizozizoea hazisaidii sana. FPDI ya bure, maktaba ya PHP ya kufanyia kazi PDF, ukiipa faili la hivyo inakataa waziwazi. Kule kwenye JavaScript, pdf-lib nayo inagoma. Wenzetu wa Python walikaa miaka na PyPDF2 iliyokuwa inajua RC4 tu, njia ya zamani ya kusimba (kuficha data kwa ufunguo). AES, njia mpya zaidi, iliingia mwaka 2022, mwaka huohuo mradi uliporudi kwenye jina lake la pypdf.

Sisi tuna maktaba yetu ndogo ya PHP ya kusoma maandishi ya PDF, na nimeibeba kazi ya kuiongezea uwezo huu. Naweka hapa ramani ya kazi ili wanaojua zaidi wachangie na wanaotaka kufanya hivyohivyo kwenye maktaba zao wapate pa kuanzia. Msimamo wangu nauweka mapema: hesabu za siri ndiyo sehemu nyepesi. MD5 na SHA (za kutengeneza heshi, yaani alama fupi ya data) pamoja na AES, zote PHP inazo. Panapokula siku ni kujua kitu gani ndani ya faili kimesimbwa na kipi hakijasimbwa.

PDF iliyosimbwa ni kama nyumba ya kupanga: geti liko wazi, ila kila mpangaji ana komeo lake. Muundo wa faili (namba za objekti, yaani vipande vinavyounda faili, majina yanayoanza na mkwaju, tarakimu, orodha ya mahali kila objekti ilipo) unasomeka vizuri tu. Kinachosimbwa ni stringi (vipande vya maandishi) na strimu (mafungu makubwa ya data, kama yaliyomo ya ukurasa). Ndiyo maana ukiifungua kwa kihariri cha kawaida unaona `/Type /Page` bila shida yoyote, lakini `/Title` imejaa uchafu.

Mlango ni treila, sehemu inayomwelekeza kisomaji pa kuanzia. Ukikuta `/Encrypt` humo, faili limesimbwa. Kamusi hiyo ina `/V` na `/R`, na hizi mbili ndizo zinakuambia uko zama zipi:

V1 R2 ni RC4 ya biti 40, iliyoingia na PDF 1.1 mwaka 1994. Ufinyu wa biti 40 ulitokana na masharti ya Marekani ya wakati ule kuhusu kusafirisha nje teknolojia ya siri. V2 R3 ni RC4 mpaka biti 128, ya PDF 1.4. V4 R4 ilileta vichujio vya usimbaji, na kuanzia PDF 1.6 ikaweza kubeba AES ya biti 128. V5 ni AES ya biti 256, nayo ina ndugu wawili: R5 iliyotoka na Acrobat 9 ya Adobe mwaka 2008, na R6 ambayo ndiyo iko kwenye PDF 2.0, yaani ISO 32000-2 ya mwaka 2017.

R5 ina kisa chake. Adobe walipandisha ufunguo kuwa biti 256, ila ukaguzi wa paswedi wakaufanya SHA-256 ya mzunguko mmoja. Matokeo yake, kubahatisha paswedi za Acrobat 9 kukawa kwepesi kuliko za toleo lililotangulia. R6 ikaja kurekebisha hilo.

Nitaendelea na jinsi ufunguo unavyopatikana. Karibuni.

#2

Mkuu unajitesa bure. qpdf ipo, programu ya amri ya kushughulikia PDF. `qpdf --decrypt --password=...` mstari mmoja tu, unapata faili safi, unaendelea na maisha. Kwa nini kuandika upya kitu ambacho watu wamekimaliza?

#3 Mleta uzi

Mkuu #2, kama seva ni yako, sikubishii. qpdf ni kazi safi, na hata mimi naitumia kupima majibu yangu: `qpdf --show-encryption` inakuonyesha R, P na ruhusa zote bila longolongo.

Ila wateja wetu wengi wako kwenye hosting za bei nafuu, `exec` (ya kuendesha programu nyingine kutoka PHP) imezimwa, na huwezi kusakinisha chochote. Pili, ukiondoa usimbaji kwa njia hiyo unaacha kwenye diski nakala ya taarifa ya benki ya mtu ikiwa wazi, halafu kumbuka tena kuifuta. Ukisimbua ndani ya kumbukumbu ya programu, hakuna nakala.

Sasa ufunguo, kwa R2 mpaka R4. Unachukua paswedi, unaikata au kuijazia ifike baiti 32. Baiti za kujazia zimeandikwa kwenye kiwango chenyewe, zinaanza `28 BF 4E 5E 4E 75 8A 41`. Unaongeza `/O` (ya paswedi ya mwenye faili) yenye baiti 32, kisha `/P` (ruhusa za faili) kwa baiti nne ikianza baiti ya chini, kisha kipande cha kwanza cha `/ID` kutoka kwenye treila. Kwa R4, kama `/EncryptMetadata` ni `false`, unabandika na `FF FF FF FF`. Yote hayo unayapitisha kwenye MD5. Kuanzia R3 unarudia MD5 mara 50 zaidi.

Watu wa PHP wanateleza kwenye `/P`. Ni namba yenye alama, kwa hiyo utakuta -1340, lakini baadhi ya programu huandika thamani ileile bila alama, 4294965956. Msihangaike na kubadilisha, `pack('V', $p)` inachukua biti 32 za chini na zote mbili zinatoa baiti zilezile. Na kama treila haina `/ID`, weka stringi tupu.

Huo ni ufunguo wa faili. Kila objekti inatengenezewa wake:

```
function ufunguoWaObjekti($ufunguo, $namba, $toleo, $niAes) {
    $x = $ufunguo
       . substr(pack('V', $namba), 0, 3)
       . substr(pack('V', $toleo), 0, 2);
    if ($niAes) $x .= 'sAlT';
    return substr(md5($x, true), 0,
                  min(16, strlen($ufunguo) + 5));
}
```

Chukua objekti 12 toleo 0, faili la AES 128. Ufunguo wa baiti 16, unafuatwa na `0C 00 00`, halafu `00 00`, halafu herufi nne `sAlT`. Jumla baiti 25 zinaingia MD5, zinatoka 16. Kwenye RC4 ya biti 40 zinaingia baiti 10, na katika MD5 inayotoka unachukua 10 za mwanzo. Kwa V5 chombo hiki chote hakitumiki, ufunguo wa faili unatumika moja kwa moja kila mahali.

#4

Bosi, niko Nairobi, niko na swali. Hizi taarifa nimeona nyingine zinafunguka kwa namba ya kitambulisho, nyingine kwa kodi (code) inatumwa kwa simu. Sasa kama benki inasema ni AES 256, si mtu hawezi kufungua hata akiiba barua pepe yangu?

#5 Mleta uzi

Karibu mkuu. Ukubwa wa ufunguo hauokoi paswedi fupi. Kitambulisho chenye tarakimu nane kina michanganyiko milioni 100, na kodi ya tarakimu sita ni milioni moja tu. Mwizi hagusi AES kabisa. Anajaribu paswedi moja baada ya nyingine akilinganisha na `/U`, thamani ya kukagulia paswedi iliyo ndani ya faili, bila intaneti, bila mtu wa kumfungia baada ya mara tatu. Milioni moja kompyuta ya kawaida inaimaliza hata kwenye R6. Na namba ya kitambulisho si siri, umeiandika kwenye daftari la mlinzi la kila jengo uliloingia mjini.

Kwa maktaba yetu maana yake ni moja: tusimwandikie mtumiaji kwamba faili lake "liko salama" kwa sababu tu tumeona 256.

#6

Mimi ndo naanza anza mambo haya, msinicheke. Nilitumia pdf-lib, ikaniambia faili limesimbwa, na ujumbe wenyewe ukanielekeza niweke `ignoreEncryption: true`. Nikaweka, kosa likaisha, lakini kurasa zinatoka nyeupe. Tatizo ni fonti?

#7

Si fonti. Hiyo chaguo haisimbui kitu, inaruka ukaguzi tu. Strimu za kurasa bado zimesimbwa, kwa hiyo kisomaji kinapewa uchafu na hakichori chochote. Ni chaguo la mtu anayetaka kuhesabu kurasa.

#8 Mleta uzi

#7 kamaliza. Nami nakazia, kwa sababu hapo ndipo kazi yetu ilipo hasa: mahali pa kuweka usimbuaji ndani ya kisomaji.

Wengi wanajaribu kuuweka mwanzoni, yaani faili lote lisimbuliwe kabla ya kusomwa. Haiwezekani, maana hujui objekti ipi iko wapi mpaka usome. Wengine wanauweka mwishoni, pale maandishi yanapotolewa. Hapo umeshachelewa, stringi ilishatoka kwenye objekti yake na haijui tena ni ya namba ngapi. Pahala pake ni pale objekti inapotolewa kwenye faili kwa namba yake, mara moja, kabla haijaingia kwenye akiba. Stringi iliyo ndani ya orodha iliyo ndani ya kamusi iliyo ndani ya objekti 12 inatumia ufunguo wa 12, hata iwe imezama kina gani.

Halafu zije hizi za kuacha:

Kamusi ya `/Encrypt` yenyewe. Mara nyingi nayo ni objekti yenye namba yake, kwa hiyo kisomaji kitataka kuisimbua kama nyingine. `/O` na `/U` lazima zibaki zilivyo. Njia ninayoipendelea ni kuisoma kwanza, kuiweka kwenye akiba, ndipo kuwasha kisimbuaji.

`/ID` ya treila haisimbwi.

Strimu ya xref, ile orodha ya mahali kila objekti ilipo, haisimbwi kamwe. Ukiigusa, hakuna objekti hata moja itakayopatikana, na kosa litakalotokea litazungumzia zlib, si usimbaji. Mtu anaweza kukesha akitafuta tatizo kwenye mfinyazo.

Strimu ya objekti, ile inayobeba objekti ndogondogo ndani yake tangu PDF 1.5. Yenyewe inasimbwa kama strimu nyingine yoyote. Ila ukishaifungua, stringi zilizo ndani yake hazisimbwi tena. Kwa hiyo kila objekti ikumbuke imetoka wapi: moja kwa moja kwenye faili, au ndani ya strimu ya objekti. Maktaba nyingi zinaanguka hapa, na dalili yake ni ya ajabu kidogo: kurasa zinasomeka vizuri, lakini kichwa cha faili na majina ya sehemu za fomu yanakuwa uchafu.

Mfuatano nao ni muhimu: simbua kwanza, ndipo ufumue mfinyazo. Na kwenye V4 na V5 angalia `/StmF` na `/StrF`, zinazotaja kichujio cha strimu na cha stringi. Zikisema `Identity`, acha kama ilivyo. Kuna mafaili yanayosimba viambatisho tu, kurasa zote ziko wazi.

Kwa AES, baiti 16 za mwanzo za kila stringi na kila strimu ni IV (baiti za kuanzishia usimbaji), na mwishoni kuna kijazio. Kwa hiyo hata stringi tupu ikisimbwa inakuwa baiti 32. Kijazio kikiwa kibovu, ushauri wangu ni kutoa onyo na kurudisha kilichopo, kwa sababu mafaili yaliyotengenezwa ovyo ni mengi na mteja anataka miamala yake.

#9

Nyongeza kwa watu wa PHP. Usitegemee `openssl_decrypt` kwa RC4. Tangu OpenSSL 3.0 ya 2021, RC4 imehamishiwa kwenye kundi la algoridhimu za kizamani ambalo halipakiwi lenyewe. Ubuntu 22.04 inakuja na OpenSSL 3, kwa hiyo kodi iliyokuwa inafanya kazi jana itaanguka siku seva ikipandishwa toleo. Na hata inapokuwepo, ukiipa ufunguo wa baiti 5 PHP inaujazia sifuri mpaka 16, unapata jibu tofauti kabisa. RC4 ni mistari kama ishirini, andika kwa mkono.

#10 Mleta uzi

#9 mkuu, umetisha. Imeingia kwenye orodha. Ngoja nami nilipe deni kwa upande wa R6, maana wengi wanaikimbia wakiona algoridhimu 2.B, ile ya kutengeneza heshi ya paswedi.

Kwenye V5 ufunguo wa faili ni baiti 32 za kubahatisha, hautoki kwenye paswedi. Paswedi inafungua tu bahasha ulimowekwa. `/U` ina baiti 48: 32 za heshi, 8 za chumvi (baiti za nasibu zinazochanganywa na paswedi) ya kukagua, 8 za chumvi ya ufunguo. Unakagua kwa chumvi ya kwanza. Ikikubali, unatengeneza heshi nyingine kwa chumvi ya pili, na hiyo ndiyo inafungua `/UE`, ile bahasha yenyewe, kwa AES 256, IV ya sifuri, bila kijazio. Kwa PHP bendera ya kuzima kijazio inaitwa `OPENSSL_ZERO_PADDING`. Jina linapotosha, ila ndiyo hiyo.

Heshi yenyewe inaanza na SHA-256. Kisha mizunguko isiyopungua 64. Kila mzunguko unaunganisha paswedi na heshi ya sasa (na `/U` nzima ukiwa unakagua paswedi ya mwenye faili), unarudia mkusanyiko huo mara 64, unausimba kwa AES 128, ufunguo ukiwa baiti 16 za mwanzo za heshi na IV 16 zinazofuata. Halafu unachukua baiti 16 za kwanza za matokeo kama namba moja kubwa, unagawa kwa 3, na baki inakuchagulia SHA-256, SHA-384 au SHA-512.

Namba ya baiti 16 haiingii kwenye namba ya kawaida ya PHP, na nimeona watu wakivuta GMP (kiendelezi cha namba kubwa) kwa ajili ya hilo tu. Hakuna haja. 256 ukigawa kwa 3 inabaki 1, kwa hiyo jumlisha tu zile baiti 16 na uchukue baki ya jumla. Jibu ni lilelile.

Mzunguko unakoma baada ya 64 pale baiti ya mwisho ya matokeo inapokuwa haizidi namba ya mzunguko ukitoa 32. Hapo ukihesabu kuanzia 0 badala ya 1, mafaili mengine yatafunguka na mengine yatagoma, paswedi ikiwa sahihi kote. Kwa hiyo pimeni kwa mafaili mengi, moja halitoshi.

#11

Swali la kisheria kidogo. Kuna PDF zinafunguka bila paswedi lakini hazikubali kunakili wala kuchapa. Maktaba yako itazifungua? Na kwa nini mtu asibadilishe tu `/P` akaweka ruhusa zote?

#12 Mleta uzi

Swali zuri. Hizo zina paswedi mbili: ya mtumiaji, ambayo ni tupu, na ya mwenye faili. Maktaba lazima ijaribu paswedi tupu kwanza kabla ya kumsumbua mtu, la sivyo itamwomba nenosiri mtu ambaye hajawahi kupewa. Na ukishapata ufunguo kwa paswedi tupu, unao wote. Hakuna kufuli la pili linalozuia kunakili. Ruhusa ni ombi tu kwa programu inayosoma.

Kubadilisha `/P` kwa mkono hakusaidii, kwa sababu kwenye R2 mpaka R4 `/P` ni sehemu ya hesabu ya ufunguo, ukiigusa faili halifunguki tena. Kwenye R6 nakala yake imesimbwa ndani ya `/Perms`, ikiwa na herufi `adb` za kukagulia.

Sheria ni jambo jingine. Mwaka 2001 mtaalamu wa Urusi, Dmitry Sklyarov, alikamatwa Las Vegas baada ya kuzungumza kwenye DEF CON, mkutano wa wadukuzi, kwa programu ya Elcomsoft iliyoondoa vizuizi kwenye vitabu vya kielektroniki vya Adobe. Kampuni ilishtakiwa na baraza la wazee wa mahakama likaiachia Desemba 2002, lakini yeye alishakaa ndani kwanza. Uamuzi wangu: maktaba itarudisha ruhusa kama zilivyo, programu inayoitumia iamue kuziheshimu. Hatutaweka kazi ya kuhifadhi faili likiwa limeondolewa usimbaji.

#13

Na PDFex, yale mashambulizi dhidi ya PDF zilizosimbwa, je? 2019 watafiti wa Bochum na Münster kule Ujerumani walipima programu 27 za kusoma PDF, zote zikapatikana na angalau njia moja ya kuvujisha yaliyomo bila kujua paswedi.

#14 Mleta uzi

Ndiyo, na inatuhusu. Chanzo ni kilekile nilichoanza nacho: faili linaruhusiwa kuchanganya vilivyosimbwa na visivyosimbwa, na CBC, namna AES inavyotumika kwenye PDF hizi, haina cha kukuambia kama baiti zimechezewa. Mshambuliaji anaongeza fomu au kiungo cha kwake ambacho hakijasimbwa, anasubiri mwenye paswedi afungue, yaliyomo yanatumwa nje. Sisi hatuendeshi JavaScript wala kufuata viungo, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Ila anayechukua maandishi yetu na kuyaweka kwenye ukurasa wa wavuti bila kuyachuja, asije kutulaumu. AES-GCM, inayokagua uadilifu, imekuja na ISO/TS 32003 ya mwaka 2023. Kwa sasa tukiiona tutaitaja kwa jina na kukataa.

#15

Mkuu, makosa utayatenganishaje? Maktaba nyingine zinarudisha "imeshindikana" kwa kila kitu.

#16 Mleta uzi

Matatu tofauti. La kwanza, paswedi inahitajika na hukutoa. La pili, uliyotoa si sahihi. La tatu, aina ya usimbaji hatuitambui, na hapo ujumbe utaje `/Filter`, `/V` na `/R`, ili anayeripoti asilazimike kututumia faili lake lenye miamala. Mafaili yanayofunguliwa kwa cheti, yale ya `Adobe.PubSec`, yatatoa hilo la tatu.

Paswedi haitaandikwa kwenye logi wala kwenye ujumbe wa kosa. Na kwenye majaribio hakuna faili la mteja litakaloingia. Yote yatatengenezwa kwa qpdf, R2 mpaka R6. Kwa RC4 mtahitaji kuiongezea `--allow-weak-crypto`, la sivyo toleo la 11 linakataa kuandika.

Tawi la R2 mpaka R4 nalipandisha kwanza, R6 itafuata. Mwenye PDF ya R5 isiyo na taarifa za mtu, ya kijitabu au tangazo lolote la zama za Acrobat 9, naomba aniambie hapa. Za kutengeneza ninazo, nataka iliyotoka kwenye Acrobat yenyewe.